Jinsi ya kuchora maua ya chomboni ili picha iguse moyo

Ua likishakatwa huwa limebakiwa na siku chache tu, nami naamini kwamba uchache huo ndio unaotufanya tulitazame kwa upendo. Kwa sababu hiyo, kabla hujashika brashi, usichague maua yaliyochanua yote kwa kiasi kimoja. Tafuta mawaridi matano au sita yenye umri tofauti: moja likiwa bado tumba, mengine yamefunguka, na moja limeanza kuinamisha kichwa. Mchoraji Vincent van Gogh alipochora alizeti mjini Arles, Ufaransa, mwezi Agosti 1888, ili zipambe chumba cha mchoraji mwenzake Paul Gauguin, ambaye Van Gogh alikuwa akisubiri ujio wake, alichanganya zilizochanua na zile ambazo petali zake zimekwisha kupukutika.

Weka chombo karibu na dirisha moja, zima taa, kisha tundika nyuma yake kitambaa cha kahawia iliyokolea. Mchoraji Mholanzi Rachel Ruysch (1664–1750) aliyajua vyema matumizi ya giza la nyuma: ua jeupe hujitokeza kama linakuja kwako, huku majani ya pembeni yakizama kivulini.

Sasa finya macho mpaka petali zipotee na yabaki mafungu ya mwanga na kivuli, halafu anza na vivuli kwa rangi nyepesi iliyozimuliwa. Hapa ndipo wanafunzi wengi huharibu, kwa kudhani kivuli cha waridi jeupe ni kijivu. Sogea karibu ulitazame: upande unaoelekea jani una ukijani hafifu, na ndani kabisa, petali zinapobanana, kuna umanjano wenye joto kama wa samli. Ukipaka kijivu kitupu, ua litafanana na karatasi. Ukingo wa petali moja au mbili za mbele uache uwe mkali, na zilizobaki zififishe kwa brashi kavu, kwa kuwa jicho likilazimishwa kuona kila kitu halitulii popote.

Usiyasahau mabua. Mchoraji Mfaransa Édouard Manet, akiwa mgonjwa sana jijini Paris katika miezi ya mwisho kabla ya kufariki tarehe 30 Aprili 1883, alichora picha ndogondogo za maua yaliyowekwa katika vyombo vya kioo. Alishughulikia maji na mabua kwa upendo uleule alioupa maua yenyewe, na kila nizitazamapo picha hizo koo hunikaba. Chora pale bua linapoonekana kama limevunjika kwenye uso wa maji, kisha weka tone moja tu la mwanga juu ya kioo.

Fanya kazi kwa haraka, kwani kufikia jioni maua yatakuwa yamebadilika. Petali ikianguka mezani ukiwa bado unachora, usiiokote. Ichore papo hapo ilipoangukia, pamoja na kivuli chake.