Programu ikijiua usiku, debaga iamke yenyewe (Linux)

Natunza seva ya SACCO moja huku Arua, na programu yetu ya akaunti ilikuwa inajizima usiku, asubuhi nakuta neno moja tu, Aborted, basi. Mchana ukijaribu kuifanya ife tena inakataa kabisa. Dawa niliyoipata ni debaga (programu ya kuchunguza makosa, hapa ni gdb) iitwe palepale programu inapokufa, hata kama umelala.

Iko hivi, programu ikiita abort() (mara nyingi assert, yaani sharti ulilolikagua ndani ya kodi, imegoma, au glibc, maktaba ya C ya Linux, imeona memori imevurugwa) inajipiga signali namba 6, SIGABRT, na kerneli (kiini cha Linux) inachukua picha ya memori yake. Hiyo picha kerneli inaweza kuiweka kwenye faili ama kuimwagia programu nyingine, inategemea kilichoandikwa ndani ya /proc/sys/kernel/core_pattern, mstari ukianza na alama | basi inaita programu. Na hapo mambo ya ulimit -c hayakusumbui sana, kikomo cha ukubwa hakitumiki picha ikipita kwenye paipu.

Weka gdb, tengeneza folda kwa sudo mkdir -m 700 /var/ajali, halafu andika skripti /usr/local/bin/shika ($1 ndani yake ni namba ya prosesi iliyokufa, kerneli inaileta kwa ile %P ya chini):

#!/bin/sh
PATH=/usr/bin:/bin
umask 077
E=$(readlink /proc/$1/exe)
F=/var/ajali/$1
cat > $F.core
gdb -batch -ex "thread apply all bt full" "$E" $F.core > $F.txt 2>&1
rm $F.core

Ipe chmod 755. Tafadhali usibadilishe mpangilio, readlink lazima itangulie cat, maana picha ikishasomwa yote ile prosesi inaweza kupotea na hutajua tena faili lake lilikuwa wapi. Ile rm nayo usiitoe ovyo, picha zinajaza diski haraka na ndani yake kuna namba za simu na nywila za wanachama, hizo ni siri za watu. Hata .txt usiitume kwa mtu kabla hujaisoma.

Sasa iwashe. Kwenye Ubuntu zima apport (ndiyo inayoshika ajali za programu huko) kwanza, la sivyo itaandika yake juu ya yako:

sudo systemctl disable --now apport.service
echo '|/usr/local/bin/shika %P' | sudo tee /proc/sys/kernel/core_pattern

Hii inafutika mashine ikizimika, na huku kwetu umeme unakatika bila kuaga, kwa hiyo weka pia mstari huu ndani ya /etc/sysctl.d/60-shika.conf:

kernel.core_pattern=|/usr/local/bin/shika %P

Jaribu: sleep 1000 & halafu kill -6 $! kisha angalia /var/ajali kama kuna .txt mpya.

Programu yako ikusanye (compile) na -g, bila hiyo utaona alama za ?? na anwani tupu, itakuumiza kichwa bure. Ukifungua .txt usishtuke juu kuona raise, abort, __assert_fail, hizo ni za glibc, shuka chini mpaka jina la kwanza la fanksheni uliyoandika wewe. Yetu ilisimama kwenye mstari wa kufunga hesabu za siku, pointa imeachiliwa mara mbili, kitu cha dakika 10 kurekebisha.