Namna ya Kuandaa na Kuwasilisha Mchoro wa Shabiki katika Jumba la Sanaa la Mtandaoni

Mchoro mzuri wa mhusika wa anime, yaani katuni za Kijapani, unaweza kuondolewa na wasimamizi, au ukapakiwa na kupotea bila kuonwa na mtu, kwa sababu zisizohusu ustadi wa mkono. Huenda faili haikuandaliwa vizuri, tagi (maneno ya utambulisho yanayotumika kuutafuta mchoro) zimekosewa, rika la watazamaji halikutajwa, au mchoraji hakueleza ni kipi chake na kipi ameazima. Mwongozo huu unaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua, na mfano wake ni Pixiv, jumba la michoro lililofunguliwa nchini Japani mnamo Septemba 2007 ambalo hadi leo ni makao makubwa ya wachoraji wa mtindo huu. Mhusika wa mfano ni Hatsune Miku, mwimbaji wa kompyuta, yaani programu ya sauti ya kuimba yenye sura ya msichana, aliyetolewa na kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo tarehe 31 Agosti 2007. Nimemchagua yeye kwa sababu wenye mhusika huyu wameandika waziwazi mashabiki wanaruhusiwa kufanya nini, jambo ambalo kampuni nyingi hazijalifanya.

Ruhusa ndiyo ya kuangaliwa kwanza, kabla hata ya kushika kalamu. Nchini Japani, kuchapisha mchoro wa mhusika wa mwingine bila idhini kunaweza kuwa ukiukaji wa hakimiliki, ila kwa kawaida mashtaka ya jinai hayafunguliwi mpaka mwenye haki alalamike. Marekebisho ya sheria yaliyoanza kutumika tarehe 30 Desemba 2018 yaliruhusu hatua kuchukuliwa bila malalamiko katika hali chache, hasa pale kazi inayouzwa inaponakiliwa kama ilivyo, na kazi ambazo mashabiki wamezibuni upya ziliachwa nje ya kifungu hicho. Kwa hiyo sehemu kubwa ya sanaa ya mashabiki inaishi kwa uvumilivu wa wenye mali, na uvumilivu huo unastahili kuheshimiwa. Kwa upande wa Miku, leseni ya wahusika ya Piapro, tovuti ya Crypton, inamruhusu mtu yeyote kumchora na kuonyesha mchoro wake bila malipo, mradi hafanyi biashara na havunji heshima ya mhusika wala haki za watu wengine. Ukitaka kuuza fulana au mabango yenye sura yake, hiyo ni habari nyingine inayohitaji kibali cha pekee.

Kuna mtego ambao wachoraji wapya hawauoni. Mavazi mengi maarufu ya Miku hayakubuniwa na kampuni, bali na wachoraji binafsi kwa ajili ya wimbo au mchezo fulani. Ukichora vazi la namna hiyo, mtafute aliyelibuni, usome masharti yake, kisha umtaje katika maelezo ya mchoro. Ni hivyo hivyo kwa mkao wa mwili ulioutazama kwenye mchoro wa mtu: kujifunza kwa kutazama kunakubalika, lakini kuweka karatasi au leya (tabaka la mchoro katika programu ya kuchorea) juu ya kazi ya mchoraji mwenzako na kufuata mistari yake, kisha kuiwasilisha kama yako, ni wizi, na majumba yote yenye heshima huiondoa kazi hiyo. Picha iliyokatwa kutoka katika filamu ya anime au mchezo wa kompyuta nayo haipokelewi kama mchoro wako, hata ukiibadilisha rangi.

Mchoro ukishakamilika, utazame tena ukiwa na picha rasmi ya mhusika pembeni. Miku ana namba 01 ya rangi nyekundu kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya bega. Wachoraji wa kidijitali huwa na mazoea mazuri ya kugeuza turubai kama kioo ili kukagua uwiano wa uso, na wengine husahau kuirudisha; namba ile huhamia mkono wa kulia na kusomeka kinyumenyume, na mashabiki wanaomfahamu Miku huligundua kosa hilo kwa jicho moja. Hakikisha pia tai na mikono ya vazi iliyoachana na mabega vimekaa mahali pake, isipokuwa kama umeamua kwa makusudi kubuni vazi jipya.

Sasa faili. Pixiv hupokea picha za JPEG, PNG na GIF, kila moja isiyozidi megabaiti 32. Kwa mchoro wenye mistari myembamba na rangi bapa, hifadhi kwa PNG, kwa maana JPEG iliyobanwa sana huacha madoa ya ukungu pembeni mwa mistari, hasa mistari myeusi inapopakana na nyekundu. JPEG ya ubora wa juu inafaa zaidi kwa mchoro wa rangi zilizochanganywa kwa brashi laini, na humwokolea bando mtu anayepakia kwa simu. Tumia mfumo wa rangi wa sRGB, ambao ni wa skrini, kwa sababu faili iliyoandaliwa kwa CMYK kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji inaweza kuonekana imefifia au imebadilika rangi ikifunguliwa kwenye kivinjari. Zaidi ya hayo, usiache mandharinyuma ya mchoro yakiwa matupu yanayopitisha mwanga: mtazamaji ambaye ukurasa wake una mandhari nyeusi hataiona mistari yako myeusi hata kidogo. Weka leya nyeupe chini ya zote kabla ya kuhifadhi.

Aliyechora kwa penseli au wino kwenye karatasi hana sababu ya kujiona mnyonge mbele ya wenye kompyuta. Ukipata skana, itumie kwa kipimo cha nukta 300 kwa inchi. Karatasi ya A4 itakupa picha ya pikseli 2480 kwa 3508, ambayo inatosha kabisa. Usipokuwa na skana, laza karatasi karibu na dirisha wakati wa mchana, mahali ambapo jua halipigi moja kwa moja, zima mwanga wa kamera, na ushike simu sambamba na karatasi ili mchoro usipindike. Kata kingo ili meza na vidole visionekane, kisha ongeza mwanga hadi karatasi iwe nyeupe bila kuipoteza mistari ya penseli. Kabla ya kupakia, futa taarifa za mahali ambazo simu huzificha ndani ya picha, kwani zinaweza kumwonyesha mgeni nyumba unayoishi.

Saini yako iweke karibu na mwili wa mhusika, kwa mfano kando ya nywele au kwenye mkunjo wa sketi, wala si pembeni kabisa ambako mtu anaweza kuikata kwa sekunde moja. Kumbuka pia kuwa kwenye orodha mchoro huonekana kama picha ndogo ya mraba, hivyo uso usiubane sana ukingoni.

Fomu ya kuwasilisha inadai ukweli kuliko ufundi. Pixiv hugawa kazi katika makundi matatu: ya watu wote, ya R-18 kwa maudhui ya watu wazima, na ya R-18G kwa damu na ukatili wa kutisha. Ukisita kati ya makundi mawili, chagua lile kali zaidi. Msimamo wangu katika jambo moja hauna nafasi ya mjadala: mhusika ambaye umri wake ni wa mtoto asichorwe kwa namna ya kingono, na Miku, ambaye kampuni imemtaja kuwa na miaka 16, ni mmoja wao. Tangu Oktoba 2022 jumba hilo pia limeweka utaratibu wa kutambulisha kazi zilizotengenezwa na akili bandia kwa sehemu yote au kubwa. Kama ndivyo ulivyofanya, weka alama hiyo. Kisanduku cha kazi ya asili usikiguse, kwa sababu mhusika si wako hata kama kila mstari umeuchora mwenyewe.

Tagi ndizo zinazomfikisha mtazamaji kwako, nazo zina kikomo cha 10. Jina la mhusika liandikwe kwa Kijapani, 初音ミク, na ulinakili kutoka ukurasa rasmi, usilibahatishe. Kisha weka VOCALOID, jina la programu ya uimbaji ambayo Miku alitokana nayo, halafu mambo yanayoonekana kwenye mchoro wenyewe. Usiongeze jina la mhusika maarufu ambaye hayumo, maana anayemtafuta ataudhika. Maelezo yanaweza kuwa ya Kiswahili, lakini ongeza sentensi moja au mbili fupi za Kijapani au Kiingereza, utaje vifaa ulivyotumia, na umshukuru uliyejifunza kwake.

Saa ya kupakia nayo ina maana. Japani imetangulia Afrika Mashariki kwa saa 6, hivyo saa tisa alasiri ya Nairobi au Dar es Salaam ni saa tatu usiku ya Tokyo, wakati wengi wametulia nyumbani. Tarehe 9 Machi na 31 Agosti mashabiki wa Miku humchora kwa wingi. Mchoro utaonwa na wengi siku hizo, ila pia utashindana na mingi.

Faili yenye leya zote, pamoja na rasimu za mwanzo, usiifute baada ya kupakia. Siku mtu akiuchukua mchoro wako na kuuweka kwenye akaunti yake, faili hiyo ndiyo utakayowaonyesha wasimamizi unapodai uondolewe.