Kula Nje Bukavu: Uliza Kwanza Habari ya Mwezi

Mgeni anayefika Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa mara ya kwanza hupelekwa moja kwa moja kwenye hoteli za ukingo wa Ziwa Kivu, akaketishwa bustanini upande wa La Botte au Muhumba, akaagiza samaki huku akitazama vilima vya Rwanda ng'ambo ya maji. Hakuna ubaya katika hilo, ila afahamu kwamba sehemu kubwa ya fedha atakayolipa ni ya ile bustani. Anayetaka kula vizuri katika mji huu na aanze kwa kuuliza jambo jingine kabisa: je, usiku wa jana wavuvi walitoka?

Sababu ya swali hilo ni sambaza. Samaki huyu mdogo wa rangi ya fedha, ambaye kwa kawaida hatofautiani sana na kidole kwa urefu, si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, akatiwa katika ziwa ambalo maji yake ya kina yamejaa gesi na hayana hewa ya kutosha viumbe, na ambalo lilikuwa na aina chache tu za samaki. Akazaana, na leo ndiye anayelisha mji. Huvuliwa usiku kwa taa: mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu hushushwa chini yake, na sambaza hupanda kuifuata nuru. Mwezi unapokuwa mpevu, taa hupoteza nguvu ya kuwavuta. Basi katika siku hizo samaki hupungua, bei hupanda, na wapo wapishi wanaotoa akiba ya juzi bila kusema neno. Giza likiwa nene, kula sambaza. Mwezi ukiwa mzima, kula kitu kingine.

Mitumbwi hurudi alfajiri, na hapo ndipo saa ya mlo inapoanza kuhesabiwa. Sambaza walionunuliwa asubuhi na kukaangwa mchana ni chakula kimoja. Wale wale wakikaangwa saa mbili usiku baada ya kushinda ndani ya beseni ni chakula kingine. Kabla ya kuagiza, omba kuwaona wakiwa wabichi. Mama mwenye jiko hatachukizwa ukimwamkia kwanza, «Jambo, mama», kisha ukamwomba kwa adabu. Macho yawe ya kung'aa, tumbo lisiwe limepasuka, na ngozi isiwe imegeuka rangi ya majivu. Angalia pia mafuta, kwa sababu mafuta yaliyokwisha kuwa meusi huharibu hata samaki wa leo. Waliokaangwa vizuri hubaki wazima, wakavu, na huliwa na kichwa chake, pamoja na ndimu, pilipili, na bugali wa muhogo au makemba, yaani ndizi za kupika, ya kukaanga. Anayeng'oa vichwa hujulikana papo hapo kuwa ni mgeni, na hakuna atakayemlaumu, ingawa mimi huona anatupa sehemu tamu.

Kwa mlo wa mchana, mahali pa kwenda ni malewa, yaani vile vibanda na vyumba vidogo vya akina mama vilivyo karibu na masoko ya Nyawera na Kadutu. Humo hakuna orodha ya vyakula: mama hufunua sufuria moja baada ya nyingine, nawe unaonyesha unachotaka. Fika kabla ya saa saba, maana vyungu vizuri ndivyo vinavyokwisha mapema. Chagua mahali ambapo madereva wa pikipiki na wauzaji wa soko wenyewe wameketi, kwa kuwa hao hula hapo kila siku na hawawezi kudanganywa mara mbili. Jaribu sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa mawese. Sombe nzuri hupikwa kwa muda mrefu mpaka ukali wa majani unatoka. Ukiona bado ni ya kijani kibichi na inakwaruza ulimi, iache, kwani majani ya muhogo yasiyoiva yana sumu. Maharagi na lengalenga, yaani mchicha, havihitaji maelezo marefu: agiza vya moto, ule.

Kuhusu tilapia mkubwa wa kuchoma, ambaye wageni humpenda kuliko wote, nina neno moja. Si kila tilapia anayeliwa mbele ya ziwa ametoka katika ziwa hilo. Wako wanaokuja kwa makatoni, wakiwa barafu, kutoka nchi za mbali. Niliwahi kungoja karibu saa mbili katika nyumba moja ya kulia chakula, nikaletewa samaki ambaye nyama yake karibu na mfupa ilikuwa bado baridi. Tangu siku hiyo sioni haya kuuliza ametoka wapi. Ukitaka samaki mkubwa wa ziwa, pita asubuhi au piga simu, agiza, na utaje saa utakayokuja. Ushauri huu unafaa hata kwa kuku, kwa sababu katika nyumba nyingi moto huwashwa baada ya mteja kuagiza.

Jioni ni zamu ya mishikaki ya mbuzi na nyama ya nguruwe katika nganda, yaani baa za mitaani, ambako chakula hufuata kinywaji na muziki huwa mkubwa. Asiyekula nguruwe aulize kama nyama zote huchomwa juu ya wavu mmoja, kwa maana mara nyingi ndivyo ilivyo. Ukikaribishwa kasiksi, pombe ya ndizi ya Bushi, nchi ya Washi, onja taratibu: utamu wake huficha nguvu yake.

Sasa hoteli. Pale Orchids Safari Club, kwa mfano, bustani inashuka kuelekea ziwani, nawe unaweza kuketi kwa muda mrefu bila kusumbuliwa. Mimi huenda huko kunywa kahawa alasiri, au nikiwa na mzee ambaye hawezi kukaa kwenye benchi la malewa. Kahawa ya Kivu inastahili mandhari hayo, sambaza hawayahitaji.

Katika malipo kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, uliza kama bei imetajwa kwa faranga au kwa dola, na kwa kiwango gani cha kubadilisha, kabla chakula hakijaletwa. Pili, noti ya dola iliyochanika hata kidogo pembeni hukataliwa, kwa hiyo chukua noti safi pamoja na faranga za kutosha kwa malewa. Tangu benki zilipofunga milango mnamo Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, si busara kutegemea kadi. Kipindupindu nacho si kigeni katika Kivu ya Kusini: nawa mikono kwa maji yanayomiminwa, kunywa maji ya chupa iliyofungwa, na matunda umenye mwenyewe, hasa nanasi za Idjwi, kisiwa cha ziwa hili, ambazo zisikupite.

Ukitaka kuwabebea wa nyumbani sambaza wakavu, wanunue sokoni asubuhi kwenye jua, uvunje mmoja kwa vidole: akikatika kwa mlio, amekauka, akipinda, bado ana maji. Wafunge kwa karatasi au kikapu, si kwa mfuko wa plastiki, maana humo hutoa jasho njiani na kuota ukungu.