Somo: Fundi umeme na fundi bomba kwenye nyumba moja, nani aanze na kila mtu apite wapi

Habari zenu wakuu. Leo tuongelee kitu kinachokula hela za watu sana hapa Mwanza, hasa nyie mnaokarabati nyumba za zamani kule Isamilo, Kirumba, Mabatini na Pasiansi. Fundi bomba anakuja, anatindua ukuta wa bafu, anazika bomba zake anapiga udongo anaondoka. Wiki inayofuata fundi umeme anakuja na grenda anapita palepale, maji yanaruka mpaka kwenye dari. Au kinyume chake, fundi bomba anatoboa ukuta afunge sinki, drili inaingia kwenye konduti (bomba la plastiki la kupitishia waya), nyumba nzima giza. Afu kila mmoja anakupigia simu kumlaumu mwenzie na wa kulipa ni wewe. Mara nyingi mafundi wote wawili wanajua kazi yao vizuri tu, ila hakuna aliyewakutanisha.

Kitu cha kushika kabla ya yote ni hiki: bomba la maji machafu halina uchaguzi wa njia, waya unao. Maji ya choo lazima yateremke, yani ukilipandisha bomba hata kidogo linaziba. Bomba la maji safi lina presha, linaweza kupanda na kushuka, ila kila kona ni elbo na kila elbo ni sehemu ya kuvuja. Waya unapinda unavyotaka. Kwaiyo mpangilio ni huo huo: maji machafu kwanza, maji safi, umeme mwisho.

HATUA YA KWANZA, waite wote wawili siku moja kabla mtu hajagusa tindo. Usiwape maelezo kwa simu, waje wasimame kwenye ukuta wenyewe. Nunua chaki za rangi mbili, bluu ya maji na nyekundu ya umeme, wachore ukutani na sakafuni kila kitu, njia za bomba, soketi, swichi, koki, hita. Fundi bomba aanze kuchora bomba la choo. Bomba la inchi 4 slopu nzuri ni sentimita 2 na nusu kila mita moja, kwaiyo kama chemba iko mita 4 unahitaji kushuka sentimita 10. Sasa hapa kwetu unachimba kidogo tu unakutana na mwamba, chemba haishuki tena. Dawa inakuwa kuinua sakafu ya bafu, na hapo ndo watu wengi hawaangalii: ukiinua sakafu sentimita 10, vipimo vyote vya fundi umeme vimehama. Soketi na swichi apime kuanzia tailizi zitakapoishia, sio kuanzia sakafu ya zamani. Mwambieni mapema, na sakafu mpya ichorwe ukutani kwa mstari wa pima maji ili kila mtu auone.

HATUA YA PILI ni namna ya kupita ukutani. Waya uende wima au mlalo kutoka kwenye swichi au soketi, usikatize mshazari hata kama unaokoa waya mita moja, kwa sababu miaka mitano mbele mtu akitaka kutundika kabati atakisia waya uko juu ya swichi, hawezi kukisia mshazari. Bomba na waya zikienda pamoja mlalo umeme uwe juu na maji chini ili bomba likivuja yasidondokee kwenye konduti, na mimi naacha sentimita 15 katikati. Soketi ya jikoni ikae angalau sentimita 30 kutoka ukingo wa sinki. Kuhusu kina cha kutindua, mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta, mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Kwa tofali la inchi 6 hiyo ni inchi 2 wima na inchi 1 tu mlalo. Bomba la kuogea huku na soketi ya chumbani kule zikikutana mgongo kwa mgongo ukuta unabaki karatasi, kwaiyo zipishane.

HATUA YA TATU naomba msome taratibu maana hii inaua. Nyumba nyingi za zamani zina mabomba ya chuma, na mafundi wa zamani walikuwa wanafunga waya wa eathi (unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini) kwenye bomba la maji lile lile kwa sababu chuma kinaingia ardhini. Leo fundi bomba anakuja kwa nia njema kabisa, anang'oa chuma kilicholiwa na kutu anaweka PPR. PPR ni plastiki. Eathi ya nyumba nzima imekatika muda huo huo na hakuna dalili yoyote, taa zinawaka, friji inafanya kazi. Siku hita ya bafuni ikipata hitilafu, umeme unakosa pa kwenda isipokuwa kwa mtu aliyeloa maji amesimama chini ya shawa. Kwaiyo kabla chuma hakijakatwa, fundi umeme afuatilie waya wa kijani na njano unaishia wapi. Kama umebanwa kwenye bomba, eathi mpya ya rodi (fimbo inayogongwa ardhini) ichimbiwe na kupimwa KWANZA ndo bomba likatwe. Na kwenye DB (sanduku la breka) muwekewe breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Kazi hii apewe fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya serikali ya nishati na maji), sio kijana anayejua kuunga unga tu.

HATUA YA NNE, kupima kabla ya lipu. Fundi bomba azibe koki zote ajaze maji apandishe presha kwa pampu ya mkono, halafu mshale wa geji uachwe masaa kadhaa usishuke. Fundi umeme apime waya kwa mega (mashine inayoonyesha kama ganda la waya linavujisha umeme), volti 500, isisome chini ya megaomu 1. Wote wawili wawepo. Ukishamaliza piga picha kila ukuta huku tepu imefunguliwa ukutani ili vipimo vionekane, zihifadhi kwenye simu na mtumie mtu mwingine wa familia. Baada ya hapo lipu.

HATUA YA TANO, kufunga vifaa. Hita ya kuogea fundi bomba afunge maji, fundi umeme afunge waya, meini swichi ikiwa imezimwa. Shawa ya wati 5500 inavuta ampia 24 hivi, usikubali iungwe kwenye waya wa taa wala wa soketi, ivutiwe waya wake kutoka kwenye DB, mimi naweka wa milimita 6 na breka ya ampia 32.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Bugando: Asante kwa somo mkuu. Mimi nipo huku mlimani, fundi kagonga rodi ya eathi ikagoma nusu, akaikata kwa grenda akasema inatosha. Ni sawa?

Jibu: Sio sawa kaka. Rodi fupi juu ya mwamba haishiki ardhi. Tafuteni upande wenye udongo mwingi, hata kama ni mita 10 kutoka kwenye nyumba, au achimbe mtaro alaze waya mtupu wa shaba, au agonge rodi mbili tatu azifunge pamoja. Vyovyote vile akupimie kwa mashine ya eathi uone namba kwa macho yako. Na akikwambia amwage chumvi kwenye shimo la rodi, kataa, chumvi mvua inaiosha na inakula shaba.

Dada wa Kiseke: Kaka naomba kuuliza, fundi umeme wangu amekata bomba tayari na fundi bomba anadai elfu hamsini za kurudia, nani alipe?

Jibu: Pole dada. Kama mlichora, jibu liko ukutani: aliyetoka nje ya mstari wake ndo analipa. Kama hamkuchora ni ngumu kumbana mmoja, wakae chini wagawane, na wewe usimalizie hela ya ufundi ya yeyote mpaka vipimo vya hatua ya nne vifanyike.

Mdau wa Nyegezi: Pampu ya kupandisha maji kutoka simtanki la chini kwenda la juu ni kazi ya nani sasa? Yangu imeungua mara mbili asee.

Jibu: Ya wote. Fundi bomba aweke pampu sehemu isiyotuama maji, fundi umeme alete waya kwenye konduti yake na breka yake, asiulaze mtaro mmoja umegusana na bomba. Kuungua kwa pampu yako nahisi ni floti (swichi inayoelea kwenye maji, inawasha na kuzima pampu), wengi wanaweka floti swichi tanki la juu tu. Maji ya bombani yakikata tanki la chini linakauka, juu bado floti inadai maji, pampu inazunguka kavu mpaka inaungua. Weka floti na chini pia, ziungwe mfululizo, mojawapo ikikata pampu isimame.

Mama wa Buhongwa: Nyumba nimenunua ina tailizi tayari, sijui bomba zimepita wapi na nataka kuongeza soketi jikoni.

Jibu: Mama, usiruhusu grenda kwenye huo ukuta. Simama mbele ya kila koki, ichukulie bomba liko wima chini au juu yake na mlalo kwenda koki inayofuata, ukanda huo usiguswe. Soketi zipitishwe nje ya ukuta kwenye tranki za plastiki (vifuniko virefu vya kufichia waya), zikipangwa vizuri chini ya makabati hazionekani.