Somo: Kuchomelea mabomba ya kromoli 4130 kwa TIG bila fremu kuvuta

Kromoli 4130 ni chuma chenye kromi na molibdeni; TIG ni weldi ya ncha ya tungsteni inayokingwa na gesi. Fremu ikipinda, mafundi wengi hulaumu mashine. Mara nyingi shida ilianzia kwenye tupa. Mshono ukipoa husinyaa na kuvuta bomba upande wake. Pengo kati ya mabomba likiwa kubwa, waya wa kujazia unaingia mwingi na mvuto unazidi.

1. Chonga mdomo wa bomba ukae sawasawa juu ya mwenzake. Mulika taa: mwanga ukipenya, rudi kwenye tupa. Hapa usione uvivu, ndipo kazi ilipo.

2. Piga msasa ndani na nje hadi chuma king'ae, kisha futa kwa asetoni. Dawa ya kusafishia breki weka mbali kabisa: zile zenye klorini zikipigwa na miale ya weldi hutoa fosjini, gesi inayoua.

3. Funga kwenye jigi (kibanio cha kushika mabomba yasisogee). Shikiza nukta nne zinazotazamana, halafu pima skwea upya.

4. Weka umeme wa DC (mkondo mmoja), tochi kwenye hasi, ncha ya tungsteni ya milimita 1.6, gesi ya agoni tupu lita 8 hivi kwa dakika. Ukuta wa milimita 1.5 anzia ampea 60.

5. Choma robo, hamia robo inayotazamana nayo, kisha nenda kiungo kingine. Mwishoni shusha ampea polepole na uache tochi palepale hadi gesi ikatike. Usimwagie maji wala kupuliza upepo. Kromoli ikipozwa ghafla inakuwa ngumu na kupasuka kando ya mshono. Jigi usifungue mpaka chuma kipoe.

Maswali

*Mkuu, lazima nipashe moto kwanza?*
Ukuta chini ya milimita 3, si lazima. Kama uko Njombe na asubuhi ni ya baridi, pitisha moto wa gesi kidogo ukaushe unyevu.

*Yangu imevuta milimita 2. Ninyooshe kwa moto?*
Milimita 2 kwa urefu gani? Kwa mita moja, ivute baridi kwa jeki, taratibu, halafu kagua mshono kwa rangi ya kupenya (dawa inayoonyesha nyufa). Ukiipasha hadi iwe nyekundu unaharibu nguvu uliyoilipia.

*Kwa nini nisitumie waya wa 4130 wenyewe?*
Huo ni wa fremu itakayoingia tanuri baadaye. Bila tanuri, mshono unabaki mgumu na rahisi kupasuka. Tumia waya wa ER70S-2, au wa ER80S-D2 ukitaka nguvu zaidi.