Jinsi ya Kulinganisha Misumeno ya Meza Kabla Hujanunua

Swali la kwanza la wanunuzi wengi huwa ni nguvu ya mota. Hata mimi nilianzia hapo. Msumeno wangu wa kwanza ulikuwa na mota nzuri tu, lakini fensi yake, ile reli ndefu unayoegemezea ubao unapopasua, ukiikaza mbele, ncha yake ya nyuma inasogea kuelekea kwenye bledi. Kila ubao ulitoka na alama nyeusi za kuungua. Halafu siku moja kipande cha plaiwudi kikarushwa, kikanipiga tumboni. Tangu hapo naanza na fensi na usalama. Mota huja baadaye.

Hatua ya 1: Pima chumba

Karatasi nzima ya plaiwudi ni milimita 1220 kwa 2440. Ukitaka kuipasua kwa urefu, unahitaji nafasi ya urefu wake kabla ya bledi na nyingine baada ya bledi. Hizo ni karibu mita 5, na wewe mwenyewe bado hujasimama mahali. Kama huna nafasi hiyo, karatasi kubwa utazipunguza kwanza kwa msumeno wa mkononi, kwa hiyo usilipie meza pana usiyoihitaji. Fensi inayofika milimita 610 kutoka kwenye bledi inatosha kugawa karatasi katikati.

Hatua ya 2: Chagua kundi

Misumeno ya kubebeka ina meza ya aluminiamu na mota ya brashi yenye kelele nyingi. Ile mizito ya kabati ina meza ya chuma cha kusubu na mota tulivu inayozungusha bledi kwa mkanda, na mara nyingi huzidi kilo 180. Katikati yapo machotara. Uzito una faida kubwa kwa sababu unameza mtetemo. Muuzaji akikubali kuwasha mashine, simamisha sarafu kwa ukingo wake juu ya meza: kwenye mashine iliyotulia itabaki imesimama. Usiukatae msumeno wa kubebeka kwa sababu hiyo peke yake. Kama karakana yako ndiyo hiyo hiyo sehemu ya kuegesha gari, wa kubebeka ndio wako.

Hatua ya 3: Ijaribu fensi kwa mikono yako

Hapa usiwe na haraka. Isogeze fensi hadi iwe sawa na mfereji ulio juu ya meza, ikaze, kisha pitisha kidole mbele na nyuma kwenye ukingo wa mfereji. Ilegeze, ihamishe mbali, irudishe, ikaze tena. Rudia mara tano. Fensi nzuri inarudi pale pale kila mara. Baada ya hapo ikaze na usukume ncha yake ya nyuma kwa kidole gumba. Ikicheza sasa, itacheza zaidi ubao mgumu utakapoisukuma, na hapo ndipo mbao hubanwa kati yake na bledi.

Hatua ya 4: Bledi na mfereji

Chomoa waya wa umeme. Inua bledi yote, weka alama ya kalamu kwenye jino moja la mbele, na upime umbali kutoka jino hilo hadi kwenye mfereji. Zungusha bledi kwa mkono mpaka jino lile lile lifike nyuma, upime tena. Tumia jino moja kwa sababu bledi yenyewe inaweza kuwa imepinda kidogo. Tofauti inayolingana na unene wa karatasi ya kuandikia, kama milimita 0.1, naikubali.

Ikizidi hapo, tazama kama inarekebishika. Kwenye msumeno wa kabati unalegeza boliti za meza na kuisogeza meza yenyewe, kazi nyepesi. Mashine ambayo huoni popote pa kurekebisha, iache.

Hatua ya 5: Kisu cha nyuma ya bledi

Hiki ni kibati kilichosimama nyuma ya bledi, kinachozuia ubao uliopasuliwa usijifunge na kuyabana meno. Meno ya nyuma yanapanda juu yakielekea kwako. Bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 4000 kwa dakika, ncha za meno zinakwenda zaidi ya kilomita 190 kwa saa. Kisu kiwe kinapanda na kushuka pamoja na bledi. Kiwe chembamba kuliko njia inayokatwa na meno, ila kinene kuliko bati la bledi. Msumeno usio nacho sinunui, hata ukiwa rahisi namna gani.

SawStop, iliyoanza kuuza misumeno yake mwaka 2004, ina breki inayosimamisha bledi chini ya milisekunde 5 ikigusa ngozi. Breki ikifyatuka utanunua nyingine, na kwa kawaida bledi pia, na mbao mbichi zinaweza kuifyatua bure. Ukiwa na uwezo, mimi ningeinunua. Vidole havina spea.

Hatua ya 6: Mota, shafti na vumbi

Kwa kazi za nyumbani wati 1500 hadi 1800 zinatosha, mradi bledi iwe kali na ifae kazi: meno 24 kwa kupasua, meno mengi zaidi kwa kukata kwa upana. Uliza kipenyo cha shafti. Kuna za inchi 5/8 na kuna za milimita 30, na bledi zake haziingiliani. Angalia pia tundu la vumbi. La milimita 100 hupitisha unga mwingi kuliko lile dogo.

Kwa msumeno uliotumika, ukiwa bado umechomolewa, shika bledi kwa kitambaa kinene uitikise kushoto na kulia. Ikigonga, beringi zimekwisha. Kisha weka guniya, kile kipimo cha pembe mraba, juu ya meza ubavuni mwa bledi, katikati ya meno, uangalie kama mwanga unapita kati yao; ukipita, bledi haijasimama mraba na meza.