Kabla Hujamwita Fundi wa Mashine ya Kuosha Vyombo

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kuosha vyombo, kwa hiyo haya ninayoyaandika yananipunguzia riziki. Sijali. Nimechoka kuitwa kwa jambo ambalo mwenye nyumba angelimaliza mwenyewe kwa mswaki mkuukuu, halafu nione haya kudai ujira.

Nikifika, watu huanza na hukumu: "Fundi, hii imekufa." Mimi huuliza ilikuwa inafanya nini ilipogoma. Mashine hii ina kazi nne tu na maji: kuyaingiza, kuyapasha moto, kuyarusha na kuyatoa. Ukijua imekwama kwenye kazi ipi, sehemu za kukagua hubaki mbili au tatu.

Wengi hudhani inajaa maji hadi juu kama ya kufulia. Haijai. Mashine nyingi za kisasa huweka lita 3 hadi 5 hivi ndani ya tumbo, yaani chumba cha vyombo, kwenye sakafu yake, na pampu inayazungusha yaleyale: yanarushwa kupitia mikono yenye matundu, yanagonga vyombo, yanashuka, yanapita kwenye chujio, yanarushwa tena. Josephine Cochrane, Mmarekani aliyepewa hataza ya mashine yake mwaka 1886, alitegemea nguvu ya maji badala ya brashi, na hadi leo hakuna kinachosugua humo ndani. Chochote kinachopunguza ile nguvu kinaacha vyombo vichafu, hata sabuni iwe ya aina gani.

Siku mashine ikiwa nzima, kaa karibu nayo uisikilize. Nyingi huanza kwa mngurumo mfupi, zinatoa maji yaliyobaki. Kisha maji yanaingia kwa mlio mwembamba. Halafu unasikia yakipiga mlango kwa mapigo, shwaa, shwaa, kila mkono unapozunguka. Ukizijua sauti hizo, siku moja ikikosekana utajua.

Chujio

Toa trei ya chini. Chini ya mkono wa kurushia maji utaona kitu cha duara chenye nyavu: zungusha kinyume cha mwendo wa saa, kinyanyue, na chini yake utoe wavu bapa. Kama hujawahi kukitoa, jiandae. Kuna ute wa kijivu, mafuta yaliyoganda, mbegu za limau, na karibu kila mara kipande cha karatasi kilichobanduka kwenye chupa iliyooshwa na nembo yake. Karatasi hiyo ni adui mkubwa kuliko mabaki ya chakula, maana hailainiki. Inajibandika kwenye wavu na maji hayapiti.

Osha kwa maji ya moto kiasi, sabuni kidogo na brashi laini. Usitumie brashi ya waya, itatanua matundu. Ukimaliza kinyanyue kwenye mwanga utazame: pale mwanga usipopita bado kuna mafuta. Kabla hujakirudisha, mulika tochi kwenye shimo. Usitumbukize vidole vitupu, glasi ikivunjika vipande vyake huishia humo. Shika kitambaa kinene. Kisha rudisha chujio na ukizungushe hadi kikaze. Kikibaki kimelegea, uchafu utapita pembeni na kwenda kuigonga pampu, na hapo ndipo nitakapolipwa.

Anayeosha kila siku akisafishe kila wiki. Asiyeosha sana, mara moja kwa mwezi.

Ukiwa hapo hapo, chomoa na mikono. Wa chini kwa kawaida unavutwa tu juu, wa juu una skrubu ya plastiki au kifungo. Utikise karibu na sikio; ukisikia kitu kinachezacheza ndani, ni mbegu au kipande cha mfupa. Zibua matundu kwa kijiti cha meno, na kama yameziba kwa ukoko mweupe, loweka mkono kwenye siki. Na kila ukishapanga vyombo, zungusha mikono kwa kidole kabla hujafunga mlango. Mpini wa sufuria uliochomoza kidogo tu unatosha kuusimamisha mkono, na trei nzima ikatoka chafu.

Kupanga vyombo sitakuchosha nako. Nyuso chafu zielekee katikati na chini, bakuli zisikumbatiane, sahani ndefu isisimame mbele ya kilango cha sabuni. Pangusa mabaki makubwa, lakini usioshe vyombo kabla ya kuviosha. Sabuni za siku hizi zina vimeng'enya vya kuvunja wanga na protini, na mashine zenye kihisi cha uchafu huangalia maji yalivyochafuka kisha zikaamua zioshe kwa nguvu kiasi gani. Ukiipelekea sahani zilizokwisha kusuuzwa, inaweza kuchagua kuosha kwa haraka tu.

Chumvi, dawa ya kusuuzia na povu

Mashine nyingi, si zote, zina tangi la chumvi chini, lenye kofia ya kuzungusha. Chumvi hiyo haioshi vyombo. Kazi yake ni kuhudumia kilainisha maji: punje za resini zinazonasa kalsiamu na magnesiamu za maji magumu na kuachia sodiamu. Resini ikishiba, maji ya chumvi yanapita na kuirudishia nguvu. Tumia chumvi maalumu ya mashine, ya chembe kubwa. Ya mezani mara nyingi imechanganywa na vitu vya kuizuia isigande, na hivyo vinaziba. Mara ya kwanza kabisa jaza tangi maji kwanza, kisha chumvi. Ijaze dakika chache kabla ya kuosha, ili iliyomwagika isafishwe papo hapo. Ikilala kwenye chuma usiku kucha inaleta kutu hata kwenye chuma kinachosifiwa hakishiki kutu. Usimimine sabuni kwenye tangi hilo. Hili halirekebishiki kwa kusuuza, kilainisha kizima hubadilishwa.

Dawa ya kusuuzia inafanya maji yateleze kwenye chombo badala ya kukaa matone matone. Watu huidharau kisha wakalalamika glasi zina madoa. Plastiki zitatoka na unyevu hata ukiitumia, kwa sababu hazitunzi joto la kukausha matone. Huo si ubovu.

Glasi zikiwa na ukungu mweupe, paka siki kidogo sehemu moja. Ukungu ukitoka, ni chokaa: ongeza chumvi, na rekebisha kipimo cha ugumu wa maji kwenye mashine. Usipotoka, glasi yenyewe imelika kwa joto, sabuni nyingi na maji laini kupita kiasi, na hakuna dawa.

Sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono isiingie humo hata tone. Povu litatoka chini ya mlango, na pampu ikivuta povu haina cha kurusha. Likishatokea, katisha programu, acha itoe maji, pangusa kwa taulo, nyunyiza siki kidogo, kisha isuuze bila sabuni mpaka povu liishe.

Ikigoma

Maji yamebaki chini. Hili ndilo ninaloitiwa zaidi. Zima, chomoa waya ukutani, yachote kwa kikombe na sponji. Kagua chujio. Kisha fuata mpira wa kutolea maji nyuma na chini ya sinki: umekunjika? Umebanwa na ndoo mtu aliyoisukumia kabatini? Mpira huo unatakiwa upande juu kwanza, karibu na kimo cha sinki, kabla ya kushuka kuingia kwenye bomba. Ukilala chini tu, maji machafu ya sinki hurudi ndani ya mashine. Hata harufu mbaya isiyoisha mara nyingi inatoka hapo. Sinki nalo likishusha maji polepole, tatizo si la mashine. Ukiwa umemaliza hayo yote na bado, mashine nyingi zina kifuniko kidogo ndani ya lile shimo, kinachoziba pampu ya kutoa. Kitoe kama kitabu cha mashine kinavyoonyesha, umulike feni ya pampu, uizungushe kwa kijiti. Kipande cha glasi kisichozidi ukucha kinaweza kuikwamisha kabisa. Dalili yake ni mlio mzito usiotoa maji.

Maji hayaingii. Anza na koki, usicheke. Kisha mpira wa kuingizia haujakunjika, na kijiwavu kwenye mdomo wake hakijaziba mchanga. Ndani ya tumbo, baadhi ya mashine zina boya la plastiki pembeni, lipande na kushuka bila kukwama. Nyingine zina boya chini, kwenye sinia lililo chini ya tumbo, la kuzuia mafuriko. Maji yakivujia kwenye sinia, boya linanyanyuka, mashine inakataa kuingiza maji na pampu ya kutoa inanguruma bila kukoma. Watu huinamisha mashine mbele maji yamwagike, na kweli inawaka. Lakini kilichovuja bado kinavuja, na safari hii huenda kikawa sakafuni.

Vyombo vinatoka vya baridi. Fungua mara tu programu ya moto inapoisha ushike sahani. Ikiwa haina hata uvuguvugu, na sabuni ya kidonge imebaki nusu, joto halipo: koili ya kupasha maji, kihisi joto au ubao wa umeme. Hapo ni pangu. Ila kidonge kikibaki na sahani ni za moto, tazama kilango: kuna chombo kilichokizuia kufunguka, au kidonge kiliwekwa kwenye kisanduku chenye maji kikajibandika.

Inavuja mbele. Pangusa raba ya mlango, hasa ukingo wa chini ambako maji ya kuosha hayafiki na uchafu unakaa hadi uote ukungu. Kagua kama mashine imesimama sawa, imeinama mbele au la. Kagua mkono wa chini kama una ufa, maana ufa unarusha maji moja kwa moja kwenye raba.

Haiwaki kabisa: mlango haujabofya, kufuli la watoto, saa ya kuchelewesha imewekwa, fyuzi. Kwa mpangilio huo.

Mara moja baada ya miezi michache endesha programu ya moto zaidi ikiwa tupu, ukiwa umeweka dawa ya kuondoa chokaa au asidi ya sitriki. Siki inafaa kwa nadra. Ikizoeleka inazeesha raba. Blichi usiweke kabisa: inakula chuma, na ikikutana na siki au asidi inatoa gesi ya klorini, ambayo si ya kuvuta jikoni.

Usifungue paneli ya chini umeme ukiwa umeunganishwa, na usimwamini mtu anayekuambia upime koili mashine ikiwa inafanya kazi. Ukiamua kuita fundi, mfano na namba ya mashine viko kwenye kibandiko cha ukingo wa mlango. Vipige picha, andika msimbo wa hitilafu kama unaonekana kwenye kioo, mweleze iligoma kwenye hatua gani. Na yale maji yachote kabla sijafika.